Sekunde Mbili Kutoka Ng'ambo

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nasema hivyo mapema ili msomaji asitarajie kwangu mambo ya safari. Watu wa rika langu hapa Kindu wamechimba kasiteriti, mawe ya bati, huko Kalima, wameteremka mto mpaka Lokandu na kupita, wengine wamefika nchi za baridi na wanatutumia picha wamevaa makoti. Mimi nimefika barazani. Nina meza yangu pale, natengeneza redio na simu, na mteja akichelewa kuchukua kitu chake simtafuti. Atapita tu, maana anajua atanikuta. Dada yangu mkubwa, ambaye ninaishi naye katika nyumba hii ya shirika la reli aliyotuachia baba, husema siku ya kiyama malaika watakuja na jeki kuninyanyua kwenye kiti.

Kwa hiyo kuna uchungu wa pekee katika jambo hili: mara moja tu maishani mwangu niliwaamuru watu wa nyumba hii watoke, tena mbio, na siku hiyo ilikuwa siku ya kubaki.

Nilisoma sekondari mpaka mwisho na kupata diploma, kwa alama ambazo familia iliamua zisitajwe mbele ya wageni. Somo nililolipenda lilikuwa fizikia, hasa kwa sababu mwalimu wake alikuwa mchelewaji. Siku moja aliandika ubaoni namba mbili, moja juu ya nyingine. Mwanga, kilomita laki tatu kwa sekunde. Sauti, mita mia tatu na arobaini kwa sekunde. Akageuka, akauliza tunaona nini. Tukasema tunaona namba.

"Mnaona aibu ya sauti," akasema.

Akatueleza kwamba mwanga unaweza kuizunguka dunia mara saba wakati wewe unapiga chafya moja. Sauti, yeye aliifananisha na treni yetu: itafika, ila usiinjike sufuria kwa kuingoja. Radi inapopiga, mwanga na ngurumo huzaliwa pamoja, lakini mwanga unakufikia papo hapo na ngurumo inakuja ikiburuta miguu. Hesabu sekunde zilizo katikati, gawanya kwa tatu, umepata kilomita. Tulifurahi sana. Kwa wiki nzima tuliingoja mvua kama watu wenye shamba.

Hiyo ilikuwa nusu ya somo. Nusu ya pili aliifundisha mvua ilipokuja, na siku za mvua mimi nilikuwa siendi shule. Rafiki ambaye nilinakili daftari lake naye alikuwa mtu wa aina yangu. Katika daftari langu, baada ya maneno "gawanya kwa tatu", ukurasa ni mweupe, kisha linaanza somo la vioo.

Baadaye ikaja vita. Sitaieleza yote, wenye kuieleza wapo, na wengi wao hawakuwa hapa. Kwetu ilikuwa hivi: askari walioushika mji walikuwa ndani pamoja nasi, wale wa msituni walikuwa wametuzunguka, treni ilikoma, na chumvi ikawa kitu ambacho mtu anakigusa kwa ncha ya kidole. Ng'ambo ya mto, nyuma ya miti ya Alunguli, kulikuwa na mzinga. Ulikuwa wa nani na ulikuwa unampiga nani, hatukuambiwa. Hatukuuona wenyewe. Tulichoona ni mwanga wake ukimulika tumbo la mawingu nyuma ya miti, kisha baada ya muda mlio unavuka maji na kutufikia.

Siku ya kwanza nilisimama uani nikahesabu kwa mdomo, kwa sababu saa ya baba, ile ya reli yenye mshale wa sekunde, ilikuwa imeshapata mkono mwingine wenye bunduki. Elfu na moja, elfu na mbili, elfu na tatu. Nilipofika kumi na tano mlio ukaja. Nikawaambia mama na dada: kilomita tano. Nilisema kama mtu anayesoma bei ya sukari dukani. Jirani yetu wa mbele, mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini ambaye duka lake lilikuwa limebakiwa na biskuti na mishumaa, alikuwa ameegemea uzio. Akasikia. Kesho yake akaja na wenzake wawili.

"Profeseri, leo iko ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Kumi na mbili njo nini?" akauliza; "njo" ya huku ni "ndiyo" yenu.

"Kilomita nne."

"Basi maharage yanaweza kuiva."

Hivyo ndivyo nilivyopata cheo. Mtaa mzima wa reli ulianza kupika kwa hesabu yangu. Kumi na tano, watu waliinjika maharage. Kumi na mbili, sombe, majani ya muhogo, maana nayo inakula muda ila si sana. Tisa, lengalenga, mchicha wetu, inachemka mara moja na kuliwa. Chini ya tano tulikubaliana kwamba moto usiwashwe kabisa, kila mtu ale ndizi yake akiwa amesimama, viatu miguuni. Wanawake walinipigia kelele juu ya uzio: "We Profeseri, utatuua na lengalenga! Hesabu polepole kidogo tupate maharage!" Nami nilijifanya mkali, nikawajibu kwamba sayansi haina ukoo na maharage. Sikuwahi kupendwa hivyo, wala kabla wala baada. Tena nilipendwa nikiwa nyumbani kwangu, ndani ya kandambili.

Mama peke yake hakuwa mfuasi. Alikuwa na pumu ya miaka mingi, alishinda kwenye kigoda mlangoni na mgongo wake umeegemea fremu, na juu ya kichwa chake, kwenye kibao ukutani, zilipangwa sahani zake za bati zenye maua. Alikuwa na hesabu yake. "Mimi naangalia sahani," alisema. "Siku zikianza kusema, njo siku hiyo nitauliza."

Mzinga ukakaa kwenye tisa wiki nzima. Tisa, tisa, tisa. Tulichoka na lengalenga mpaka tukaanza kuuchukia mto wenyewe.

Siku ya nane, kama saa kumi na moja jioni, mawingu yalikuwa mazito na uwanja umeshakuwa wa kijivu. Nilikuwa ndani nikifunga dirisha nikasikia mlio mmoja. Nikatoka. Nilipofika tu uani, mawingu yakamulika. Nikaanza: elfu na moja, elfu na mbili. Mlio.

Mbili ni mita kama mia saba. Mbili maana yake wameshavuka, wako huku kwetu, wako sokoni au karibu na stesheni. Nikangoja mwanga mwingine. Ulikuja haraka, siku hiyo walikuwa wanapiga kwa haraka kuliko siku zote. Elfu na moja, elfu na mbili, mlio. Tena. Mbili. Nilihesabu mara nne, kwa sababu nilikuwa mwanafunzi mzuri wa ile nusu niliyoisoma.

Nikapiga kelele juu ya uzio: "Mbili! Iko mbili!" Nikasikia masufuria yakianguka kwa majirani.

Dada alitoka jikoni. "Mbili kweli?"

"Mbili, Yaya!" nikamjibu, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa huku. "Funga vitu!"

Mama alibaki kwenye kigoda chake. "Baba," aliniambia, ndivyo alivyokuwa akiniita akitaka kuninyamazisha, "mulio njo ule ule wa jana. Sikia vizuri. Hauko karibu. Na sahani hazijasema kitu."

Nikamjibu. Hilo jibu nalikumbuka kuliko jina langu. Nilimwambia, "Mama, masikio yanadanganya. Sekunde hazidanganyi."

Akanitazama, akatazama sahani zake, akaanza kutafuta kandambili kwa miguu.

Tulimpakia kwenye kinga, ile baiskeli ya zamani ya baba, juu ya kibebeo cha nyuma, tukamfunga kwa kitenge kwenye kiti asianguke. Mimi nilishika usukani, dada alimshika mabegani. Tukiwa getini mawingu yalikuwa yametulia, hakuna mwanga wowote, na bado mlio mmoja ukaja. Nikasema huo ni mwangwi. Nilikuwa na jibu kwa kila kitu jioni ile.

Tuliifuata njia ya reli kuelekea kusini, kama watu wote wanaokimbia hapa, kwa sababu reli inajua njia ya msituni na haina matope. Ila reli ina mataruma. Kila taruma lilirusha gurudumu, na kila gurudumu liliporuka kifua cha mama kilitoa mlio kama mlango usiotiwa mafuta. Mwanzoni alitania. "Leo umetoka nyumbani," aliniambia, "mpaka reli zinashangaa." Baadaye akaacha kutania, na sisi tukawa tunahesabu mataruma kwa siri, kila mtu na yake.

Mvua ilitukuta siku ya pili. Tulijibanza katika kituo kidogo cha reli kisicho na paa, tukamfunika mama kwa majani na kwa miili yetu. Dawa yake ilikuwa imebaki nyumbani kwenye kibao, nyuma ya sahani. Siku ya nne asubuhi akashindwa kuvuta pumzi. Hakusema neno la kukumbukwa. Alitaka maji, dada akaenda kuyatafuta, na aliporudi nayo hayakuwa na wa kuyanywa. Tulimzika kando ya reli kwa jembe la kuazima, karibu na jiwe la kilomita, ili tupate kukumbuka mahali alipo.

Tuliporudi mjini, wiki mbili baadaye, nyumba haikuwa na milango. Sahani, kitanda, meza, hata mfuniko wa choo, vyote vimekwenda. Dada alisimama katikati ya sebule akashika kichwa. "Unaona?" akaniambia, na sauti yake ilikuwa na kitu kama furaha, Mungu atusamehe. "Unaona? Walifika! Tungekuwa ndani tungekufa wote. Wewe njo umetuokoa."

Mfanyabiashara wa mbele hakuwa amekimbia. Alikataa kuziacha biskuti zake. Alikuwa mzima, amekonda tu. Nilimfuata peke yangu nikamuuliza jioni ile walifika saa ngapi.

"Nani?" akauliza.

"Wale wa ng'ambo."

"Wale? Hawakuvuka. Jioni ile walipiga, wakachoka, wakalala." Akapunguza sauti. "Milango yenu njo ilichukuliwa na hawa hawa wa hapa. Siku ya tatu. Walipita wanaangalia nyumba isiyotoa moshi. Kwangu mimi nilikuwa nawasha moto hata sina cha kupika."

Nilimsikia vizuri. Lakini nilikuwa na sekunde zangu. Nilijiambia: walikuja mpaka mita mia saba, wakarudi. Kwa nini wasirudi? Askari ni mtu, anaweza kubadili mawazo. Mtu akitaka kukaa ndani ya neno, atapata kila kitu humo, kiti na mto wa kulalia.

Miaka ikapita. Vita ikaisha kwa namna ya huku, maana yake watu waliacha kuitaja kila siku. Nikatengeneza milango, dada akanunua sahani nyingine za bati ambazo hazikuwa na maua. Kila mwaka tunamwombea mama misa, na baada ya misa watu wanakuja nyumbani kula, na dada anasimulia. Hajawahi kuolewa tena baada ya mumewe kupotelea kwenye machimbo huko Kama, hana mtoto, ana hadithi hii. Anaisimulia vizuri sana. Anaanza na mawingu, anafika kwenye mzinga, anaigiza mimi nilivyosimama uani na mdomo wazi, watu wanacheka, kisha anainua vidole viwili. "Mbili!" anasema. "Mudogo wangu huyu, muvivu unayemuona, alihesabu mbili. Bila yeye leo hapa pangekuwa na majani. Mama alilipa kwa ajili yetu, sawa, lakini alilipa kitu chenye thamani. Sisi tupo." Na watu wanaitikia amina, na mfanyabiashara anatazama sahani yake.

Mwaka huu dada alinituma mtoni kupokea samaki. Samaki wa kukaushwa wa misa tunawaagiza Lokandu, wanapanda mto na pirogi, mtumbwi mrefu, na kijana aliyezoea kwenda kuwachukua aliumwa. Nilijaribu kuumwa na mimi, haikukubaliwa.

"Mutoni ni hapo tu," dada alisema. "Utaona na dunia kidogo."

Nikaenda, nikakaa juu ya mzizi ukingoni, pirogi haijatokea, nikatazama ng'ambo. Upande wa pili, karibu na maji, kulikuwa na mtu anajenga boti kubwa la mbao, la kubebea mizigo. Alikuwa amepanda ubavuni mwa boti, anapigilia misumari. Mtu mdogo kama njiti. Nyundo inainuka, inashuka, ko. Inainuka, inashuka, ko. Anapiga kwa mpigo mmoja kama saa. Nilistaajabu jinsi nilivyomsikia vizuri: nyundo inapogusa ubao, ko, wakati ule ule, kana kwamba yuko kwenye meza yangu barazani. Nikacheka peke yangu. Nikasema, mwalimu alitudanganya, hakuna tofauti yoyote, na mto huu ni mita mia saba hivi.

Kisha yule mtu akaacha kupiga. Akaweka nyundo kando, nilimuona, akafuta uso kwa mikono miwili.

Ko.

Mikono ilikuwa usoni.

Ko.

Kisha kimya.

Nilikaa pale. Yule fundi akainuka, akanywa maji, akarudi kuanza. Nyundo ikashuka mara ya kwanza, na hakuna kilichosikika. Ikashuka ya pili, kimya. Ikashuka ya tatu, ndipo ko ya kwanza ikafika. Kwa hiyo ile iliyoshuka na mlio niliousikia havikuwa ndugu. Nilikuwa nachukua mlio wa pigo la zamani nalivika pigo jipya, na kwa sababu alipiga kwa mpigo sawasawa, vilikaa pamoja vizuri kama mume na mke.

Hapo nikauona ule ukurasa mweupe wa daftari langu umeandikwa. Mapigo yakiwa ya haraka, usihesabu kutoka mwanga wowote unaouona mpaka mlio wowote unaousikia, maana mlio unaokufikia unaweza kuwa wa mwanga uliopita. Ngoja wanyamaze. Hesabu kutoka wa mwisho. Bila shaka mwalimu alisema hivyo, siku ile ya mvua, kwa wale waliokwenda.

Mzinga haukuwa umesogea hata hatua moja. Ulikuwa kwenye tisa, kilomita tatu, pale pale. Jioni ile walipiga haraka, kila sekunde saba hivi. Mwanga, na sekunde saba baadaye mwanga mwingine, na sekunde mbili baada ya huo ndipo unafika mlio wa ule wa kwanza. Saba na mbili, tisa. Mimi niliona mbili tu. Na mlio ule wa getini usio na mwanga haukuwa mwangwi. Ulikuwa wa mwisho, umefika kwa wakati wake, kilomita tatu bila haraka, kutuambia turudi ndani.

Pirogi ilikuja, nikapokea samaki, nikarudi nyumbani nikiwa nimewabeba vibaya, mkia mmoja ukaniingia mkononi na sikuhisi mpaka dada aliponionyesha damu.

Njiani nilifikiri kukaa kimya. Sioni haya kusema hivyo. Kukaa ndiyo kazi yangu. Lakini kesho yake ilikuwa misa, na baada ya misa dada angeinua vidole viwili, na mimi ningekaa chini ya vidole hivyo nikila samaki. Nilimkuta jikoni, ameketi kwenye kigoda anawapangusa samaki majivu.

"Yaya," nikasema, "ile siku ya mbili."

"Ee."

"Haikuwa mbili. Ilikuwa tisa."

Mkono wake uliendelea kupangusa. "Tisa njo nini?"

"Njo mahali walipokuwa wiki nzima. Hawakusogea. Nilikosea kuhesabu."

"Nani amekuambia?"

"Fundi wa boti, ng'ambo."

"Fundi wa boti alikuwa hapa vita?"

"Hapana. Alikuwa anapiga misumari. Leo." Nikajaribu kumweleza. Nilichukua mwiko na mfuniko wa sufuria, nikapiga, nikamwambia mwanga ni huu, mlio ni huu, ule unaousikia ni wa huyu si wa yule. Alinitazama kama anavyomtazama mteja wangu mlevi.

Aliponiacha nikamaliza, akaweka samaki chini.

"Kwa hiyo muntu anapiga musumari leo," akasema, "na mama anakufa upya."

"Yaya, nilitaka tu ujue."

"Nijue nifanye nini nayo?" Hakupaza sauti. "Wewe uko na fizikia yako. Mimi niko na nini? Nilimufunga mama kwa kitenge juu ya kinga. Mikono yangu hii. Alisema hataki, nikamufunga. Alikuwa anauliza kila saa, tunarudi lini, nikamuambia, mama, wako nyuma yetu, tukirudi watatuua. Sasa unaniambia hakukuwa na muntu nyuma yetu. Unaniambia nilikuwa namusukuma mama kwenye mataruma siku nne, nyuma yetu iko nyumba, iko dawa yake, iko kitanda."

Nikaurudisha mfuniko juu ya sufuria.

"Hesabu ni yako," akasema. "Beba peke yako. Kwangu itabaki mbili. Na kesho utakaa pale unapokaaga."

Akamchukua yule samaki akaendelea kumpangusa, ingawa alikuwa ameshakuwa safi.

Kesho yake misa ilisomwa, watu wakaja, uwanja ukajaa viti vya kuazima. Nilikaa pale ninapokaaga. Baada ya chakula wakamwita dada asimulie, na yeye akasimama, akajifunga kitenge vizuri kiunoni. Alianza na mawingu. Alifika kwenye mzinga. Aliniigiza na mdomo wazi, watu wakacheka kama kila mwaka. Akainua mkono.

Vidole havikufunguka. Alisimama na ngumi hewani, na mdomo wake ukatafuta neno. Wanawake waliokaa mbele waliacha kutafuna. Mfanyabiashara, ambaye amezeeka sasa na anajua zaidi ya aliyowahi kusema, aliinamisha kichwa. Dada aligeuka akanitazama. Nimeishi naye miaka yote na sijawahi kuona macho yale: hayakuniomba, yaliningoja tu.

Ningeweza kusema tisa. Ndiyo iliyokuwa kweli, na niliijua kwa gharama kubwa, na wote waliokuwa pale walistahili kuijua, maana nao walikimbia kwa kelele zangu juu ya uzio ule, nao wana makaburi yao kando ya reli.

"Mbili," nikasema. "Ilikuwa mbili."

"Mbili!" dada akasema, vidole vikafunguka, na hadithi ikaendelea kutoka pale, kwa sauti kubwa kidogo kuliko mwaka jana. Alipofika kwenye "sisi tupo", watu wakaitikia amina, nami niliitikia pamoja nao.

Walipoondoka tukabaki wawili na rundo la sahani. Yeye aliosha, mimi nilipangusa. Nilingoja aseme kitu. Kila aliposhusha pumzi nilifikiri ndiyo sasa, nikaacha kupangusa nisikie vizuri. Tulifika sahani ya mwisho.

"Maji yameisha," akasema. "Kachote."

Nikachukua bidoni, nikatoka.